Mkolani Hadi Sengerema kwa Magurudumu Matatu

Swali tuliloulizwa mara nyingi zaidi njiani lilikuwa hili: "Gari limewaharibikia wapi?" Watu walikuwa wanamwona baba amekaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, anazungusha pedali kwa mikono, mama yuko nyuma yake juu ya Phoenix ya kuazima, mimi na mdogo wangu tuna mizigo kwenye karia, halafu wanaambiwa tumetoka Mkolani tunakwenda Sengerema. Hapo lazima mtu atafute gari lililoharibika. Mzee mmoja pale Usagara alitupa pole kabisa, tukaipokea maana angeona tunamdharau.

Chuo kilipofunguliwa niliwasimulia wenzangu, na wale wa Hisabati hawakutaka hadithi, walitaka namba. Amewezaje mtu kusafiri zaidi ya kilomita hamsini kwa mikono? Basi ngoja nieleze, maana jibu lenyewe limenifundisha mambo ambayo darasani tuliyapita haraka.

Kwanza baba mwenyewe. Alipata polio akiwa na miaka mitatu, miaka ya sabini, wakati chanjo ilikuwa haijafika kila kijiji. (Wa rika langu wengi hatujawahi kumwona mtoto mwenye polio. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili vya polio hapa Tanzania aliripotiwa mwaka 1996.) Polio inaua mishipa inayoamrisha misuli lakini haigusi hisia. Kwa hiyo miguu ya baba haina nguvu, ila akikaa vibaya anaumia kama mimi na wewe. Kumbuka hilo, tutalirudia. Kazi yake ni ushonaji, na kutoka nyumbani hadi kwenye kibanda chake kuna mlima mfupi lakini mkali, wa mawe kama milima yote ya Mwanza. Kwa miaka minne mtu aliyekuwa anamsukuma kwenye ule mlima kila asubuhi ni mdogo wangu. Sasa yuko darasa la sita. Namba ya siku alizochelewa shule naijua, maana daftari la mahudhurio nililiona kwa mwalimu wake, na mimi ninayesomea ualimu nilijisikia vibaya kulisoma.

Halafu kuna mwaka 2023. Babu alifariki Sengerema. Mazishi yalipangwa saa tisa mchana. Basi la kwanza lilikataa baiskeli ya baba. La pili lilikubali kwa nauli ya watu wawili, likachelewa kuondoka, na Kigongo tukakuta foleni ya kivuko. Baba alifika saa moja jioni. Alikuta udongo umeshafunika, watu wanakula. Hakusema kitu siku ile. Ila tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa, tukiwa tunaangalia kwenye simu, akauliza, "Hapo baiskeli inapita?" Mama akajibu, "Pana ukingo wa waenda kwa miguu." Baba akasema, "Basi nitakwenda kwa baba yangu mwenyewe."

Sasa tuingie kwenye chuma.

Baiskeli za watu wenye ulemavu wa miguu tunazoziona hapa mjini zimefanana. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, pedali ziko juu ya gurudumu la mbele usawa wa kifua, na cheni inashuka kulizungusha gurudumu hilohilo. Mikono hiyohiyo ndiyo inayokata kona. Ni kifaa chenye akili, na Afrika Mashariki kina historia yake. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na vilevile Goma, wafanyabiashara walemavu wamevusha mizigo kwa baiskeli kama hizi kwa miaka mingi. Hata mashindano ya baiskeli ya hapa Mwanza yamewahi kuwa na mbio za walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu. Tatizo ni kwamba nyingi zimeundwa kwa gia za baiskeli ya kawaida, yaani gia iliyokusudiwa miguu.

Ya baba ilikuwa na meno 44 juu na 18 chini. Gawanya, unapata kama 2.44. Gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.07. Zidisha: kila mzunguko mmoja wa mikono unamsogeza mita 5. Kwenye tambarare hiyo ni raha. Kwenye mlima ni adhabu, na hesabu yake ni hii. Baba, baiskeli na mzigo ni kama kilo 100. Chukua mlima ambao kila mita 100 unapanda mita 5. Kuupanda unahitaji nguvu ya kama nyutoni 49, ongeza kama 10 za matairi kusuguana na barabara, weka 60 kwa urahisi. Nyutoni 60 kwa mita 5 ni juli 300 kwa mzunguko. Lakini mkono, kwa pedali ya sentimita 17, unasafiri mita 1 na kidogo tu katika mzunguko huo. Kwa hiyo mikono lazima isukume kwa wastani wa nyutoni 280, sawa na uzito wa kilo 28. Hiyo ni ndoo ya lita 20 ya maji na karibu nusu ya ndoo nyingine, kila mzunguko, hadi juu. Ndiyo maana mtoto alikuwa anasukuma. Baba si mvivu wala si dhaifu. Gia ndiyo haikuwa yake.

Fundi wetu wa Buhongwa hakufanya hesabu yoyote. Alimwangalia baba akipanda hatua kumi, akasema, "Mzee, hii umepewa ya miguu." Akatafuta gia ya mbele ya baiskeli ya mtoto, meno 28, na friwili ya meno 22. Hapo mzunguko mmoja unakwenda kama mita 2.6, na mlima uleule unadai kilo 15, robo tatu ya ndoo. Kilima hakijapungua, kazi yote kutoka chini hadi juu ni ileile, ila inalipwa kwa vipande vidogo vingi. Na kila kitu kina bei: kwenye tambarare, ili aende kilomita 8 kwa saa, mikono inabidi izunguke mara 51 kwa dakika badala ya 27. Anaonekana kama anakoroga uji kwa hasira. Mdogo wangu alicheka wiki nzima.

Pamoja na kuchomelea, gharama haikuzidi elfu arobaini. Nimeitaja kwa sababu kuna watu wanaamini suluhisho lazima litoke nje kwenye kontena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu unasema kifaa kinachofaa ni kile kinachoendana na mwili wa mtumiaji na mazingira yake, na kinachoweza kupatikana na kutengenezwa nchini kwa bei inayobebeka. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 kinachofundisha mafundi wa vifaa vya viungo. Kwa hiyo elimu ipo nchini. Sisi tulikuwa na fundi wa chini ya mti, naye alijua.

Kitu cha pili alichobadilisha ni kiti, na hapa nitatoka nje ya Mwanza kidogo. Huko Ulaya na Marekani kuna baiskeli za magurudumu matatu ambazo mwendeshaji anakaa chini, ameegemea nyuma, miguu imenyooka mbele kwenye pedali. Ziko familia zinazosafiri nazo mamia ya kilomita, wazazi mbele, watoto nyuma. Mtu akiziona mara ya kwanza anadhani ni anasa ya wavivu. Historia inasema tofauti. Huko Ufaransa fundi Charles Mochet alimtengenezea mwanawe Georges kigari cha kupiga pedali, kwa sababu mama wa mtoto aliona baiskeli ya magurudumu mawili ni ya hatari. Kutoka kwenye kile kigari cha mtoto akaja kuunda baiskeli ya kuegemea, na tarehe 7 Julai 1933 Francis Faure akaiendesha jijini Paris kilomita 45.055 kwa saa moja. Alivunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha dunia cha mbio za baiskeli kikaamua kwamba chombo kile hakihesabiki kuwa baiskeli, kikakitoa kwenye mashindano. Aliyekaa vizuri kawashinda walioinama, kafukuzwa! Mpaka leo naona walikuwa na wivu.

Sababu ya ule ushindi ilikuwa upepo: aliyelala nyuma anaukata kirahisi. Kwa baba upepo haukuwa shida, kwa mwendo wake upepo haumjui. Ila kuna faida nyingine ya kuegemea. Ukisukuma kitu kwa mikono huku huna pa kuweka mgongo, unajisukuma mwenyewe nyuma, na nusu ya nguvu inaishia kiunoni. Kiti cha zamani cha baba kilikuwa ubao mtupu. Fundi aliweka kiegemeo cha mabomba kilicholala kidogo, akakifunga mikanda ya mpira wa ndani wa tairi la gari, juu yake mama akashona godoro dogo la sponji. Na kwa kuwa baba anasikia maumivu, nilivyosema mwanzoni, alikaa pale nusu saa anatuambia, "Hapa inachoma, ongeza." Mtu aliyeumia uti wa mgongo asingeweza kutuambia hivyo. Yeye angepata kidonda bila kujua, kwa hiyo ukimsaidia mtu wa namna hiyo usitegemee kauli yake, kagua ngozi.

Kiti kikashushwa pia sentimita kumi. Hiyo ni kwa ajili ya kona. Watu wanadhani magurudumu matatu hayaanguki. Yakisimama, kweli. Kwenye kona kali uzito unavutwa nje, na mwendo ukizidi mara mbili mvuto huo unazidi mara nne. Ukiwa umekaa juu, gurudumu la ndani linanyanyuka kabla hujajua. Tena breki ya baba iko gurudumu la mbele tu. Sheria yetu ikawa moja: mteremko wowote unashukwa pole tangu juu, usingoje ukolee ndipo ushike breki.

Tuliondoka wiki ya likizo fupi ya Septemba, saa kumi na mbili asubuhi. Mdogo wangu alitangulia kuangalia mashimo. Baba akafuata, nyuma ya kiti chake tumechomeka fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu, kwa sababu ukikaa chini dereva wa lori hakuoni. Mama akawa nyuma yake upande wa barabara. Mama amekulia Magu, baiskeli anaiendesha kuliko mimi, na alikataa mtu mwingine kukaa nafasi ile. Mimi nilikuwa wa mwisho na spana, pampu, viraka na grisi.

Tulikubaliana jambo moja kabla ya kutoka, na lilitoka kwa baba: hakuna kusukuma mpaka aombe. Ni rahisi kuliko linavyosikika? Jaribu. Mlima wa kwanza, mkono wa mdogo wangu ulishika kiti wenyewe, kwa mazoea. Baba hakugeuka, alisema tu, "Mwanangu, mbele kuna mashimo." Mtoto akarudi mbele. Mwendo wetu ukawa mwendo wa mikono ya baba, kama kilomita 7 kwa saa. Sisi wenye miguu ndio tulioteseka, maana baiskeli ya kawaida ikienda polepole hivyo inayumba. Yeye wa magurudumu matatu anaweza kupanda mlima kwa mwendo wa konokono, akasimama katikati, akapumua, akanywa maji, asianguke. Mimi nilianguka mara mbili. Kila dakika arobaini tulisimama. Chakula kilikuwa matobolwa, karanga, na chai ya chupa. Matobolwa kwa asiyejua ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Wasukuma walikuwa na chakula cha safari kabla ya biskuti kuletwa.

Tatizo kubwa la siku ya kwanza halikuwa mlima. Baada ya Usagara, tulipoacha njia ya Shinyanga, gari kubwa lilitubana tukalazimika kushuka kwenye changarawe, na kurudi juu ya lami gurudumu la mbele likawa linazunguka bure. Hii ni kasoro ya muundo: gurudumu linalovuta liko mbele, na ukipanda uzito unakwenda nyuma, kwa hiyo linakosa kushika. Baba alisukuma, likachimba. Tukanyamaza wote. Nilimwona mdogo wangu ameng'ata midomo, mikono kaificha mfukoni. Mwisho mama akasema, "Mzigo si uko nyuma?" Kweli, dumu la maji la lita kumi tulilifunga nyuma ya kiti. Tukalihamishia mbele, juu ya gurudumu. Baba akajaribu tena, likashika, akapanda. Mwanafunzi wa chuo kikuu nilikuwepo na sikuwaza hilo.

Kigongo tulifika saa saba mchana, na hapo jiografia yangu ikafanya kazi. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na upepo wa ziwani unavuma kuja bara. Usiku inageuka. Tukaamua tusivuke na lile upepo, tukapumzika kivulini hadi saa kumi. Mdogo wangu alitaka kuoga ziwani, nikamkatalia kwa sababu ya kichocho, akanuna mpaka tulipoanza kuvuka.

Daraja lina urefu wa kilomita 3. Kwa gari ni dakika chache, unainua simu upige picha limekwisha. Kwa mikono ilituchukua zaidi ya nusu saa. Linapanda polepole kuelekea katikati ili vyombo vipite chini, na ule mpando mrefu usio mkali ndio hasa gia ya baba ilipotengenezewa. Hakusimama hata mara moja kwenda juu. Alisimama kwenye kilele, kwa hiari yake. Alishika ukingo akaangalia upande kilipokuwa kinapita kivuko, kwa muda. Askari mmoja alitusogelea, tukadhani tutafukuzwa. Akamwamkia baba, "Shikamoo mzee, umechoka?" Baba akasema, "Marahaba. Naangalia maji."

Tulilala Busisi kwa ndugu wa mama. Usiku mabega ya baba yalivimba, tukamkanda na maji ya moto. Hilo ni jambo ambalo hesabu yangu haikulionyesha: bega si nyonga. Ni kiungo kilichoumbwa kwa kufikia vitu, si kwa kubeba mwili siku nzima, na mtumiaji wa baiskeli ya mkono analitumia kwa kila kitu, hata kujinyanyua kitandani. Ukiliharibu umemlaza. Asubuhi nilipendekeza tupakie baiskeli kwenye basi kwa kipande kilichobaki. Mama ndiye aliyeamua. Tuliondoka saa tatu badala ya kumi na mbili, tukapumzika kila dakika ishirini, na baba aliomba kusukumwa mara mbili. Aliomba kwa sauti ya kawaida, kama anavyoomba chumvi mezani. Mdogo wangu alisukuma, ilipofika tambarare akaachia.

Sengerema tulifika alasiri. Bibi alikuwa ameshapigiwa simu na kila mtu aliyetuona barabarani, kwa hiyo tulikuta majirani wamejaa uani, "Mwadila, mwadila," na bibi anauliza kwa nini tumekonda. Kaburini alikwenda baba peke yake. Njia ni ya udongo mgumu, kama mita mia mbili, kidogo inapanda. Sisi tulibaki tukinywa maji. Alikaa huko mpaka giza linaingia, akarudi, akaomba taa ya kukagua cheni.

Kurudi tulipanda basi, na baiskeli tuliilipia kama mzigo, baada ya mabishano. Mabega yalihitaji wiki mbili. Tangu hapo fundi wa Buhongwa ameshabadilisha gia za baiskeli nyingine tatu za aina ile. Breki ya magurudumu ya nyuma bado anaitafutia njia, na kama kuna mtu wa uhandisi anayesoma makala hii, kibanda chake kiko karibu na stendi, atakukaribisha. Baba anakwenda kazini mwenyewe, anatoka nyumbani saa moja kasorobo kwa sababu ule mlima sasa unamchukua dakika kumi na mbili. Mdogo wangu yuko shuleni saa moja na nusu. Juzi alilalamika kwamba mwalimu amempa kazi ya kupiga kengele, kwa vile anawahi.